Mkeo akiumia kwenye tendo la ndoa, anzia hapa kabla ya kulaumu tohara

Swali hili hunijia kwa sura mbili. Mwanamke husema, "Mama, tangu mume wangu atahiriwe, mimi naumia." Mwanamme naye hungoja nipite peke yangu, anitolee shikamoo kwa sauti ya chini, halafu aseme, "Mama, mwenzangu analalamika. Watu wananiambia nilitahiriwa vibaya." Na mara moja moja huja mama mkwe, aliyesikia kwamba mkwewe mpya katoka bara na hakupitia jandoni, naye keshahukumu: mwanawe anaumia kwa sababu ya govi.

Nimefanya kazi ya ukunga hapa Tanga mpaka nikastaafu, na huku Ngamiani bado naitwa kuwa somo wa maharusi, yaani mwanamke anayemfunda bibi harusi mambo ya ndoa. Kwa hiyo habari hizi nazisikia kliniki na nazisikia chumbani kwa bibi harusi. Jibu langu halibadiliki. Tohara inaweza kuhusika, lakini iko mwisho mwisho wa orodha. Watoto wa kiume wa mji huu karibu wote hutahiriwa wakiwa wadogo, zamani kwa ngariba, siku hizi wengi hospitali. Ingekuwa tohara yenyewe ndiyo inayoumiza wanawake, basi kuanzia Chumbageni mpaka Mabawa kusingekuwa na mke mwenye furaha, na hilo jina la Tanga raha tungelirudisha.

Haya, tufuate mambo kwa utaratibu.

Itafute kwanza sehemu inayouma

"Naumia" peke yake haitoshi. Mwanamke ajijibu mambo matatu: wapi, wakati gani, na tangu lini.

Wapi, maana yake ni mlangoni pale pa kuingilia, au ndani kabisa chini ya kitovu? Maumivu ya mlangoni huwaka, huchoma, huacha mchubuko. Ya ndani hugonga, hukata, na mara nyingine humfuata mtu mpaka kesho yake anapoinama kufagia. Haya mawili hayana sababu moja, na anayetumia dawa ya hili kwa lile anapoteza fedha.

Wakati gani: pale anapoingia tu, au muda ukizidi? Baadaye anapokwenda kukojoa? Kila siku, au siku za karibu na hedhi peke yake? Kwa kila mkao, au ule mmoja?

Tangu lini ndilo swali ambalo watu hulijibu kwa haraka na kwa makosa. Dada mmoja alishikilia kwamba maumivu yake yalianza na tohara ya mumewe. Nikamwomba kadi ya mtoto. Mtoto alikuwa na miezi minne, ananyonya usiku na mchana, na mama kaanza sindano ya uzazi wa mpango. Tohara, uzazi, unyonyeshaji na sindano vyote vimeangukia ndani ya miezi ile ile, lakini aliyeshitakiwa ni kisu tu. Ndiyo maana nasema andika: mwezi gani ulijifungua, mwezi gani ulibadili dawa, mwezi gani mzee alitahiriwa, na maumivu yalianza lini hasa.

Ukishajibu, jitazame. Wanawake wengi niliowahudumia walikuwa wamezaa mara kadhaa na hawajawahi kujiona, wakidhani ni aibu. Si aibu. Jifungie chumbani na kioo kidogo cha mkono, washa tochi ya simu, chuchumaa au weka mguu mmoja juu ya kitanda. Nawa mikono, kata kucha. Fungua mashavu ya nje kwa vidole viwili taratibu, uangalie: kuna wekundu? Mipasuko midogo? Vidonda au malengelenge? Utando mweupe mzito kama maziwa mgando? Kovu?

Halafu chukua kijiti cha pamba, kile cha masikio, ukiloweshe kwa maji safi. Gusa mduara wa mlango wa uke kituo kwa kituo, ukianzia juu karibu na njia ya mkojo, ukishuka polepole mpaka upande wa haja kubwa, kisha upande wa pili. Usisukume ndani, gusa tu. Pakiuma mahali pamoja chini, na uliwahi kuchanika au kuongezewa njia wakati wa kujifungua, shuku kovu. Pakiwasha na kuuma kote na pamekuwa pekundu, shuku fangasi, au sabuni unayotumia. Pasipouma popote lakini mwili ukajikaza wenyewe kijiti kinapokaribia, shuku misuli, nitaifikia. Na kama mlangoni ni salama kabisa, basi habari yako iko ndani.

Zoezi hili huchukua muda mfupi tu, na litakusaidia zaidi ya kuhangaika mwezi mzima na dawa za kuambiwa na jirani.

Tohara inaingia wapi

Inaingia kwa njia tatu, na ya kwanza ndiyo ya kweli zaidi: kidonda ambacho hakijapona.

Mtu mzima akitahiriwa hushonwa kwa nyuzi zinazoyeyuka zenyewe. Kwa kawaida huambiwa arudi baada ya siku 2 kutolewa bandeji, na tena siku ya 7 kidonda kikaguliwe. Wiki ya tatu ukimtazama utasema kapona. Kwa nje, ndiyo. Kwa ndani ngozi bado haijashikana sawasawa. Muda wa kukaa bila tendo, na hata bila kujichua, ni wiki 6 kamili. Akianza mapema kidonda hupasuka, kovu hujenga vibaya, na kama ana virusi vya UKIMWI, kidonda kibichi humwambukiza mke kwa urahisi zaidi. Zikitimia wiki 6, anza na kondomu, na anza polepole, kwa sababu mwanamme mwenyewe huwa na hofu, na mwenye hofu huenda kwa pupa.

Njia ya pili ni kovu. Hapa mume ajikague yeye, mchana, uume ukiwa umelala na tena ukiwa umesimama. Apitishe kidole kuzunguka mstari wa tohara. Kovu la kawaida ni laini au limeinuka kidogo tu. Akikuta uvimbe mgumu, au kipande cha ngozi kilichojishika kutoka kwenye kovu mpaka kwenye kichwa na kuacha upenyo chini yake, hapo pana kitu cha kuonesha daktari. Ngozi iliyojishika hivyo hukatwa kwa ganzi, ni kazi ndogo, lakini asijaribu mwenyewe na wembe. Kuna pia waliokatwa ngozi nyingi mno. Uume ukisimama, ngozi ya kwenye shina huvutwa juu na vinyweleo vyake, na vinyweleo hivyo humkwaruza mke mlangoni. Mwingine uume huvutwa ukapinda. La vinyweleo, apunguze kwa mkasi na atumie kilainishi. Wembe huacha ncha zinazochoma zaidi. La kupinda kwa maumivu, aende hospitali.

Ya tatu ndiyo wanayobishania watu. Govi hutembea juu ya kichwa cha uume na kupunguza msuguano. Likiondolewa, msuguano huongezeka kidogo. Wataalamu hawasemi kauli moja kuhusu uzito wa jambo hilo kwa mwanamke. Utafiti wa Denmark uliotolewa mwaka 2011 ulikuta wanawake wenye waume waliotahiriwa wakitaja maumivu zaidi kuliko wenzao, lakini kule waliotahiriwa walikuwa kama 5 tu kwa kila wanaume 100, kwa hiyo ni kundi dogo la kulinganishia. Huku kwetu Afrika Mashariki, huko Rakai nchini Uganda, wanawake 455 ambao waume zao walitahiriwa wakiwa wakubwa waliulizwa wanaonaje kabla na baada. Zaidi ya nusu walisema hakuna tofauti, karibu 40 kwa kila 100 walisema wanafurahia zaidi, na wasiofika 3 kwa kila 100 ndio walioona mambo yamepungua. Hayo yalitoka mwaka 2009. Ninavyoona mimi, kukosa govi hudhihirika pale tu mke anapokuwa mkavu. Mke akiwa na ute wake wa kutosha, tofauti hiyo haisikiki.

Na asiyetahiriwa je? Govi lisilorudi nyuma linaweza kuchanika na kuuma, na likihifadhi uchafu mweupe kwa siku nyingi hulea fangasi na harufu, kisha huvipeleka kwa mke. Dawa ya kwanza ni kuvuta govi nyuma na kuosha kwa maji kila siku. Likibana kabisa, tohara ndiyo tiba. Lakini mama mkwe asimburute mkwewe hospitali akidhani maumivu ya binti yatakwisha kesho. Tohara ina faida zake zinazojulikana: majaribio ya Orange Farm huko Afrika Kusini, Kisumu huko Kenya na Rakai yalionesha mwanamme hupunguza hatari ya kuambukizwa VVU na mwanamke kwa kama asilimia 60, na mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza kwa nchi kama zetu. Huko Rakai wake wa waliotahiriwa walionekana pia kupungukiwa na trikomona, ambayo ni maambukizi ya zinaa. Hizo ni sababu nzuri za kutahiriwa. Maumivu ya mke yana orodha yake nyingine.

Nigusie na ukeketaji, maana wapo wanaouita tohara ya wanawake na kuuweka kundi moja na ile ya wanaume. Kwenye baadhi ya jamii za bara ya mkoa wetu bado upo. Huko hakuna ubishi wa kitaalamu: kukata sehemu za siri za mwanamke huacha kovu lisilonyumbuka, na maumivu ya tendo ni moja ya matokeo yake. Kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18 ni kosa tangu sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998, kifungo ni miaka 5 hadi 15. Mwanamke ambaye tayari alifanyiwa asikae na maumivu kwa kuona haya. Amwambie mkunga waziwazi. Kovu lililoziba linaweza kufunguliwa, na uvimbe unaoota kwenye kovu unaweza kutolewa.

Ukavu, ambao ndio wengi

Kwa maumivu ya mlangoni, ningeambiwa nitaje sababu moja tu, ningetaja hii. Mwili wa mwanamke unahitaji muda kujitayarisha: damu ijae, ute utoke, uke urefuke na kutanuka. Mwanamme yuko tayari haraka, mke bado anawaza kama mlango wa nje umefungwa. Akiingia wakati huo, atamchubua, ametahiriwa au hakutahiriwa. Kwa waume ninalo neno moja: usiingie mpaka yeye mwenyewe akuvute. Akinyamaza, hajasema ndiyo. Na siku asiyotaka, hatayarishwi kwa nguvu. Mwili usiotaka hukauka na kujikaza.

Lakini yapo ya mwili yasiyotokana na haraka. Mama anayenyonyesha hukauka kwa sababu homoni ya kike iko chini. Si kwamba hampendi tena baba. Aliyekoma hedhi hukauka, ngozi ya uke ikawa nyembamba, ikachubuka kwa kidogo tu. Kwake kuna krimu ya homoni ya kupaka ukeni, aulizie kwa daktari. Baadhi ya watumiaji wa njia za homoni za uzazi wa mpango huona ukavu. Dawa za mafua na za mzio hukausha pua na hukausha na huko. Kisukari hukausha na kuleta fangasi za kujirudia, kwa hiyo mwanamke mwenye fangasi zisizoisha apimwe sukari.

Tumia kilainishi. Nenda duka la dawa, useme, "Nataka jeli ya kulainisha, ya maji." Muuzaji ameshaombwa hiyo mara nyingi, hatashangaa. Paka kwa mke mlangoni na kwa mume kote, na uongeze ikikauka. Mafuta ya nazi yasiyotiwa manukato yanafaa kwa wasiotumia kondomu. Na kondomu za mpira, mafuta ya aina yoyote hayafai, yawe ya nazi, ya mgando au losheni: yanalegeza mpira na kondomu hupasuka. Mate hukauka upesi.

Sasa niseme la usomo. Sisi wa pwani tunajua kumtayarisha mwanamke: singo, asumini, udi kwenye nguo na kwenye nywele, kitanda kinachonukia. Hayo yote ni ya juu ya ngozi na ya chumba. Kuna mahali tulipopotea, pale wanawake walipoanza kuvipeleka ndani. Sokoni huuzwa shabu, lile jiwe jeupe kama chumvi, na mwanamke huambiwa aisage aweke ukeni "apate kubana". Wengine huweka ugoro, wengine hujiosha kwa limau, siki, sabuni ya unga au dawa ya kuulia vijidudu, wengine huchuchumaa juu ya chetezo. Shabu hukausha ngozi ya ndani. Kinachoitwa kubana ni ukavu, na tendo likija ngozi hiyo hupasuka vipande visivyoonekana kwa macho, ambavyo ni mlango wa VVU na magonjwa mengine. Limau na sabuni huua bakteria wazuri wanaoulinda uke, kisha harufu huzidi, na mwenye harufu huongeza sabuni.

Acha vyote hivyo kwa wiki kadhaa. Osha nje tu, kwa maji. Nimeona wanawake waliokuwa wamekwisha kata tamaa maumivu yao yakaondoka kwa kuacha tu, bila dawa hata moja. Na ninyi waume, mkiusifia ukavu kitandani, ndipo wake zenu wanapojua njia ya kwenda kununua shabu.

Maambukizi, na ugonjwa wa mtoni ambao hauulizwi

Fangasi huwasha, huleta utando mweupe mzito, na mlango huwa mwekundu. Tiba yake ni vidonge vya kuweka ukeni. Trikomona huleta majimaji ya kijani au manjano yenye harufu, na hapa lazima mume naye atibiwe hata kama hasikii chochote, la sivyo mtapokezana mpaka mchoke. Malengelenge yanayouma na kupasuka kuwa vidonda yanahitaji macho ya mtaalamu. UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, huuma wakati wa kukojoa zaidi kuliko wakati wa tendo, lakini mara nyingi vinakuja pamoja. Usinunue dawa kwa kukisia. Dawa ya kuua bakteria ikitumiwa kwa fangasi, fangasi hushamiri.

La pili nataka kulikalia kidogo, kwa sababu huku kwetu lipo na watu hawalijui: kichocho.

Wote tunajua kichocho cha mtoto wa shule anayekojoa damu. Kwenye mkoa wetu, nyuma ya mji, huko Muheza na kwingineko bara, wako wanawake waliokua wakifua mtoni, wakichota maji bwawani, wakilima mpunga miguu ikiwa majini. Vijidudu hutoka kwa konokono wa maji, hupenya ngozi, minyoo hukomaa mwilini na kutaga mayai. Mayai hayaishii kwenye kibofu. Mengine hukwama kwenye shingo ya kizazi na kwenye kuta za uke, yakaleta vidonda vidogo na mabaka yenye chembechembe, na mishipa ya damu hapo huwa dhaifu. Mwanamke huumia kwenye tendo, hutokwa na damu kidogo baada yake, hutokwa na majimaji. Kliniki anapewa dawa za magonjwa ya zinaa. Hazimponyi. Anapewa tena. Nyumbani mume anauliza, "Umeyapata wapi?" na ndoa inaanza kuvunjika kwa ugonjwa wa konokono. Mkojo wake unaweza kuwa safi kabisa, bila damu wala yai.

Kwa hiyo ukiwa ulikulia kando ya mto au bwawa, sema hivyo kwa sauti kliniki: "Nimekulia mtoni, naomba mfikirie na kichocho." Dawa yake ni praziquantel, hupimwa kwa uzito, huuma tumbo kidogo na kuleta kizunguzungu, ni vyema ukala kwanza. Inaua minyoo, makovu ya zamani huchukua muda na mengine hubaki, ndiyo maana binti apewe mapema dawa zinapogawiwa shuleni.

Ya ndani

Maumivu ya kugonga chini ya kitovu, kwa wazee wetu yote ni chango. Chango ni jina la maumivu. Sababu yake itafutwe. Inaweza kuwa maambukizi ya via vya uzazi, ambayo huja na homa, majimaji yenye harufu na tumbo kuuma hata ukitembea. Inaweza kuwa uvimbe wa kizazi au wa mfuko wa mayai. Inaweza kuwa ule ugonjwa ambao nyama ya aina ya ndani ya kizazi huota nje ya kizazi. Mwenye huu huteseka na hedhi tangu usichana, na tendo humuuma zaidi siku za karibu na damu. Hata choo kigumu cha siku nyingi huleta maumivu ya ndani, na wanawake hawakitaji.

Wakati mnasubiri vipimo, badilini mkao. Mke akiwa juu anaamua mwenyewe kina na kasi. Kulala ubavu nako hupunguza kugonga. Mkao wa nyuma uacheni kwa sasa.

Damu baada ya tendo haingojewi. Mwanamke anayetokwa na damu kila baada ya tendo, au aliyekoma hedhi kisha damu ikaja, aende akachunguzwe shingo ya kizazi. Kipimo cha siki hufanywa na mhudumu aliyefundishwa. Anapaka siki ya kitabibu kwenye shingo ya kizazi na kuangalia kama pana mabaka meupe, na majibu hutoka hapo hapo. (Siki ya jikoni haiingii habari hii, tusielewane vibaya.) Na aliyekosa hedhi, kisha akaumwa vikali upande mmoja wa tumbo na kuona kizunguzungu, apelekwe hospitali usiku huo huo. Hiyo inaweza kuwa mimba iliyotunga nje ya kizazi.

Kovu la uzazi, na misuli inayojikaza

Aliyeongezewa njia au kuchanika apewe muda. Wiki 6 ni za kuanzia, wengine huhitaji zaidi. Kovu likishapona lakini bado linauma, lainisha kwa kidole gumba: paka mafuta ya nazi, kiingize kidogo tu, bonyeza kuelekea chini na pembeni, shikilia mpaka uchungu upungue, uachie. Kila siku kidogo. Likibaki gumu baada ya miezi, likaguliwe, kwani pengine lilishonwa kwa kubana.

Misuli ni habari ya mabibi harusi zaidi. Msichana amekua akiambiwa usiku wa kwanza ni damu na kilio, na nje ya mlango wako wanaongoja shuka. Mimi ninapokuwa somo, shuka sionyeshi, na wanaoniita wanalijua sharti hilo. Msichana mwenye hofu hiyo misuli ya mlangoni hujifunga yenyewe, si kwa kutaka. Mume hukuta ukuta. Wakirudia kwa nguvu, mwili hujifunza kuogopa zaidi.

Njia yake ni ya taratibu. Kwanza tendo lisimame, kwa makubaliano ya wote wawili. Mwanamke peke yake ajifunze kuijua misuli: aibane kana kwamba anazuia mkojo, kisha aiachie huku akitoa pumzi ndefu. Kuachia ndiyo kazi. Akizoea, aweke ncha ya kidole chake kidogo chenye jeli, huku akiachia pumzi. Siku nyingine kidole kizima. Siku nyingine viwili. Kisha kidole cha mume, mke akikiongoza kwa mkono wake. Tendo huja mwisho kabisa, mke akiwa juu. Wengine huchukua wiki, wengine miezi. Kama nyuma ya hofu kuna jambo alilofanyiwa utotoni au kwenye ndoa, mazoezi peke yake hayatoshi, anahitaji mtu wa kumsikiliza.

Hapa ndipo watu wa Tanga watakapotaja jini mahaba. Sibishani na imani ya mtu. Anayetaka kusomewa akasomewe. Ila aje kwanza tumtazame kama ana kovu, fangasi au kichocho, na asikubali mganga yeyote kumwekea kitu ukeni, wala kumwambia lazima alale naye ili jini atoke. Huyo si wa kulipwa, ni wa kupelekwa polisi.

Kwenda kliniki

Zungumzeni kwanza nyumbani, mchana, mmevaa nguo. Usiku kitandani kila neno husikika kama lawama. Mke aseme, "Panaponiuma ni hapa," na aoneshe. Mume asijibu kwa "mbona zamani hukuumia".

Nendeni wote wawili. Zahanati ya karibu inatosha kuanzia; wakiona haja watawaandikia barua ya kwenda juu, hata hospitali ya mkoa ya Bombo. Dirishani huna haja ya kueleza mbele ya foleni: sema "nina tatizo la uzazi", na umwombe muuguzi chumba. Ukitaka mhudumu wa kike, omba. Beba ile karatasi ya miezi, orodha ya dawa zote unazotumia pamoja na za kienyeji, na kadi ya kliniki ya mtoto. Usijioshe ndani asubuhi hiyo, maana utaondoa kile wanachotaka kukipima. Usiende ukiwa hedhini, isipokuwa damu yenyewe ndiyo inayokupeleka.

Mkipewa majibu ya maambukizi yanayopokezana, mezeni dawa wote, na msikutane mpaka zimalizike. Kama mume alitahiriwa karibuni, ataje tarehe, na akubali kukaguliwa. Wanaume wa hapa hupenda kubaki nje kwenye benchi. Bwana, ingia.